Kostiki Kwenye Stoo ya Sukari

Syombua alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Mulango, watoto walipokula kwenye sinia moja, yeye alitaka chakula chake kando, na kata iliyopita kwenye midomo ya wengine hakuigusa hata akiwa na kiu namna gani. Mama mkwe wake alizoea kuwaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mzungu. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia, mwaka wa 1973, kwamba Syombua ameajiriwa kuosha chupa katika kiwanda cha soda cha Mzee Hemedi mjini Kitui.

Hakikuwa kiwanda kikubwa. Kilikuwa nyumba ndefu ya mabati nyuma ya soko, yenye mtambo mmoja wa kutia gesi, tangi la maji yaliyochujwa na birika la simenti la kuoshea chupa. Soda yenyewe ilikuwa ya rangi mbili, nyekundu na ya machungwa, na iliuzwa Kitui, Mwingi, hadi Malili kwenye barabara ya Mombasa. Kutoka huko kote chupa zilirudi na kila kitu ambacho binadamu anaweza kutia ndani ya chupa. Syombua alikuta mafuta ya taa, mate ya ugoro yaliyoganda, mende waliovimba, dawa ya kuogeshea ng'ombe, mkojo. Siku moja alikuta panya mchanga aliyeingia akashindwa kutoka, ameoza mpaka amekuwa uji wenye manyoya. Alitapika pale pale ukutani, akanawa uso, akaenda kumwambia Mzee Hemedi kwamba kazi hii hataiweza.

Hemedi alikuwa mtu wa asili ya pwani. Babake ndiye aliyekuja Kitui na biashara ya nguo. Alimsikiliza Syombua mpaka akamaliza.

"Mimi namtaka hasa mtu anayetapika," akamwambia. "Asiyechukizwa ataniachia panya ndani ya chupa, na mteja amnywe."

Kisha akampeleka kwenye chumba kidogo cha mawe kwenye pembe ya ua, akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na magadi makali ya kuoshea chupa, ambayo wote pale waliyaita kostiki. Yalikuja katika mapipa ya chuma, vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya samaki. Juu ya pipa paliandikwa maneno ya Kizungu yaliyoishia na "soda", na mpakiaji mmoja aliyejua kusoma kidogo aliamini kabisa kwamba ndiyo soda yenyewe kabla haijatiwa rangi.

Hemedi alimfundisha Syombua siku hiyo na siku nyingi baadaye. Pipa likae juu ya mbao, lisiguse sakafu, na likishafunguliwa lifunikwe papo hapo, kwa sababu kostiki hunywa unyevu wa hewa na kuanza kutoka jasho. Isikae na kitu cha kuliwa. Kata yake iwe ya chuma, si ya alumini, maana alumini inaliwa mpaka itoboke. Mtu avae glavu, gambuti, aproni ya mpira na miwani. Maji baridi yatangulie kwenye ndoo, kostiki ifuate kidogo kidogo. Maji yasimwagwe kamwe juu ya kostiki. Na nje ya mlango alikuwa ameweka pipa la maji safi lililojaa wakati wote, kwa sababu mifereji ya Kitui ilikauka ipendavyo. Kostiki ikikurukia, alisema, jimwagie maji, na uendelee kujimwagia hata ukidhani imetoka. Ukiona mkono unateleza usifikiri ni sabuni ya kawaida. Ni mafuta ya mwili wako ndiyo yanageuka sabuni.

Neno hilo lilimkaa Syombua rohoni. Usiku ule hakula nyama.

Alifanya kazi ile miaka mitatu bila hata lengelenge moja. Februari mwaka wa 1976, Mzee Hemedi akafa kwa moyo, akiwa amesimama dukani kwa mtu. Mkewe, Bi Mwanahamisi, akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi angekaa ndani kwake, na kiwanda kikabaki mikononi mwa msimamizi, Kivuva.

Kivuva hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. Alikuwa mwimbaji mzuri kanisani, mcheshi, na wafanyakazi walimpenda kwa sababu hakuwafuata nyuma kama marehemu. Lakini mazishi hayajafikisha mwezi, shemeji yake aliyekuwa akinunua ngozi za mbuzi akakosa mahali pa kuziweka, na Kivuva akampa kile chumba cha mawe. Mapipa ya kostiki yakabingirishwa hadi stoo ya sukari.

Ngozi zilikuja mbichi, zimekunjwa na chumvi kidogo tu, na baada ya wiki moja mabuu yalikuwa yakitambaa chini ya mlango. Shemeji alitaka kifuniko kizito cha kuzikandamiza, akachukua cha pipa la kostiki lililokuwa limefunguliwa. Alitaka mahali pa kuzilowesha, akatumia lile pipa la maji lililokuwa mlangoni. Maji yakawa ya kahawia, na nywele za mbuzi zikaelea juu yake pamoja na povu la mafuta.

Ndani ya stoo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Pipa lisilo na kifuniko lilianza kutoa jasho kama Hemedi alivyosema. Maji mazito, ya utelezi, yalishuka kando ya chuma, yakafanya dimbwi sakafuni, yakafika kwenye magunia. Gunia la chini lilibadilika rangi, sukari yake ikawa kama tope la kahawia lenye harufu ambayo Syombua hakuijua. Asubuhi moja alimkuta mjusi amelala ndani ya dimbwi. Alipomgusa kwa kijiti, ngozi ilitoka yote kama utandu wa maziwa, na ndani hamkuwa na nyama bali kamasi.

Alimwendea Kivuva. Alimweleza kwa Kikamba, polepole, kwamba kitu hiki kitaua mtu. Kivuva akacheka, akawaambia wengine kwamba mzungu wa Mulango ameanza. Sukari ya juu haijaguswa, akasema. Watatumia ya juu. Na mbele ya macho ya Syombua akachukua kata ya kostiki, akaipangusa kwenye suruali, akachotea sukari ya chai ya saa nne.

Tangu siku hiyo Syombua hakunywa chai kazini. Glavu zake zilipopasuka hakupewa nyingine, akawa anafunga mikono kwa mifuko ya plastiki na kamba za katani. Kila jioni alijisugua mpaka kwenye viwiko, akihisi kwamba harufu ya zile ngozi imeingia kwenye nywele zake. Aliwachukia wote, hata wale waliokuwa wakimcheka bila ubaya. Kreti zikaanza kurudishwa kutoka Mwingi kwa sababu soda ilikuwa na ladha ya sabuni. Kivuva akaongeza rangi.

Mwezi wa pili wa eda, Syombua aliamua kwenda kwa Bi Mwanahamisi. Wanawake waliruhusiwa kumtembelea. Alivaa leso safi, akabisha hodi, akakaribishwa. Lakini hakumkuta peke yake. Chumba kilijaa wanawake waliokuja kutoka Mwingi kumpa pole, wamekaa kwenye mikeka, na mjane katikati yao katika nguo nyeupe. Syombua hakujua namna ya kuanza kuzungumza habari za mjusi na mabuu mbele ya watu wenye msiba. Alikaa karibu na mlango akingoja watoke.

Hawakutoka. Ikaletwa chai. Bi Halima, dada wa marehemu Hemedi, akamimina na kutia sukari kwenye kila kikombe, vijiko vitatu. Syombua alijua sukari ile ilitoka wapi. Kila mwezi Kivuva alileta gunia dogo nyumbani kutoka stoo. Alikishika kikombe. Akamwona tena yule mjusi wa stooni. Alikiweka chini.

Bi Halima akamhimiza anywe. Syombua akasema ameshiba. Akahimizwa tena, na safari hii wote walikuwa wakimtazama. Alijaribu kukiinua, akakirudisha kikombe mkekani na chai ikamwagika kidogo.

"Msimlazimishe," alisema Bi Halima, bila kupandisha sauti. "Wako watu wanaoona vyombo vyetu ni haramu."

Syombua alisikia uso ukimwaka. Alitaka kusema si hivyo, lakini Kiswahili chake, ambacho kilimtosha kazini, kilimkimbia chote. Bi Mwanahamisi alitazama mikono yake mwenyewe. Syombua akaaga, akatoka, na njia nzima alijitukana. Hakurudi, kwa aibu, na ukweli ni kwamba kwa aibu hiyo wiki tano zilipita.

Mei, siku ya Alhamisi, kostiki ndani ya lile pipa wazi ilikuwa imeshikana ikawa jiwe moja. Mbuvi, mpakiaji wa miaka ishirini na sita, alitumwa na Kivuva kuchota ya birika la kuoshea chupa. Kata ikagonga, haikuingia. Mbuvi akamwita Kivuva, na Kivuva, aliyekuwa na haraka ya lori la Malili, akamwambia atumie akili, amwagie maji ya moto ilainike. Mbuvi hakuwa mwosha chupa. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Alichukua birika la chai lililokuwa likichemka, akainama juu ya pipa, akamwaga.

Syombua alikuwa uani. Alisikia mlio kama wa mafuta yanayomwagiwa maji, lakini mkubwa, kisha mtu akilia kwa sauti ambayo hakuitambua. Mbuvi alitoka stooni akijigonga kwenye fremu ya mlango. Kifua, shingo na upande wa kushoto wa uso vilikuwa vimepakwa ute mweupe uliokuwa ukitoa mvuke. Alikuwa akijipangusa macho kwa mikono ile ile.

Kivuva alifika wa kwanza, akapiga kelele iletwe Kimbo, mafuta ya kupikia, wampake, na ndimu, ndimu zinaua magadi. Mtu alikimbia jikoni.

Syombua alisimama. Hili hakuwahi kulificha baadaye, hata alipoulizwa na afisa wa kazi wa serikali: kwa muda, pengine kwa kuhesabu hadi kumi, alisimama tu. Mbuvi alikuwa akimjia akiwa amenyoosha mikono, na ngozi ya mkono ilikuwa imekunjamana na kuteleza kama ya yule mjusi. Mwili wake wote ulikataa kuguswa na mikono ile.

"Mwaitu," Mbuvi akaita, mama, kama mtu wa kwao anavyomwita mwanamke yeyote aliyemzidi umri. "Mwaitu, sioni."

Hapo alimshika. Alimwelekeza kwanza kwenye mfereji. Ulikohoa, ukatoa hewa. Pipa la maji la mlangoni lilikuwa na ngozi za mbuzi. Akaitazama ile supu ya nywele na mafuta, na aliogopa kwamba Mbuvi ataliparamia pipa lile mwenyewe kwa uchungu. Akamvuta ndani, mpaka chini ya tangi la maji yaliyochujwa, maji ya kutengenezea soda ya siku mbili, akafungua koki yote, akamsukuma Mbuvi chini yake. Alimrarua shati likatoka na vipande vya ngozi. Alimfungua jicho la kushoto kwa vidole, na vidole vikateleza, na kila vilipoteleza alijua ni nini kinachoteleza. Alitapika bila kuachilia. Aliendelea.

Kivuva alikuja na Kimbo akiwa amekasirika. Alisema maji yale ndiyo kazi yote ya leo na kesho, na Mbuvi ameshaoshwa, inatosha. Akashika koki aifunge.

"Ukifunga hii maji, nitakutia ndani ya pipa lile na mikono yangu," Syombua alisema.

Alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, na alisema polepole. Kivuva akaachilia koki. Tangi lile lilichukua karibu saa nzima kuisha, na muda wote huo Syombua alimshikilia Mbuvi kichwa, akimgeuza, jicho moja kisha jingine, mpaka vidole vyake vikaanza kukwaruza ngozi badala ya kuteleza. Ndipo wakampakia kwenye lori la Malili na kumpeleka hospitali.

Jioni hiyo hiyo Kivuva alimfuata Syombua nyumbani. Alikuwa mpole. Alimwambia afisa wa kazi atakuja, na kwamba ni vizuri wote waseme jambo moja. Mbuvi alikuwa amelewa, basi. Aliamka na pombe ya usiku. Hata yeye Syombua, akiulizwa kwa nini alinyamaza wiki zote hizo, atajibu nini? Alimletea kreti ya soda nyekundu, akaiweka mlangoni.

Syombua alimtazama midomo, ile midomo iliyoimba vizuri Jumapili, akahisi kinyaa ambacho hata panya wa chupa hakuwahi kumpa. Kivuva alipoondoka, Syombua akaimwaga soda chupa baada ya chupa kwenye shimo la choo. Lakini maneno ya Kivuva hayakumwagika. Ni kweli alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameogopa wanawake kumi na kikombe cha chai, na Mbuvi ndiye aliyelipa.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Mwanahamisi. Bi Halima alimfungulia akasita, lakini Syombua hakungoja kukaribishwa vizuri. Alikaa mbele ya mjane, akaeleza yote: chumba cha mawe, ngozi, kifuniko, jasho la pipa, gunia la chini, kata iliyopanguswa kwenye suruali, Mbuvi. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika, na safari hii hakujali.

Bi Mwanahamisi alisikiliza kama mumewe alivyozoea kusikiliza. Mwishowe akauliza, "Siku ile ya chai. Ilikuwa ni hiyo sukari?"

"Ndiyo, Bi Mwanahamisi."

"Nami nimekuwekea kinyongo wiki tano, mwanangu. Nikisema, huyu tumekula naye miaka mitatu na bado anatuona najisi."

Bi Halima, aliyekuwa amesimama nyuma, alikaa chini taratibu. Alikuwa akinywa chai ile kila siku, asubuhi na jioni. Alifunika mdomo kwa mtandio, akainuka akaenda uani, nao wakamsikia akitapika.

Bi Mwanahamisi akajitanda buibui. Alisema mwenye eda huruhusiwa kutoka mchana kwa dharura, na kama hii si dharura basi hajui dharura ni kitu gani. Walikwenda kwa miguu. Stooni alisimama mlangoni, mtandio puani. Alitazama dimbwi, akatazama gunia la chini lililopasuka na kutoa tope lake, akatazama kata iliyochomekwa kwenye sukari ya juu. Nzi kutoka kwa ngozi walikuwa wametanda juu ya kila kitu. Kivuva alianza kueleza habari za pombe ya Mbuvi. Mwanahamisi hakumgeukia hata.

"Toa funguo," alimwambia. "Na umwambie shemejio aondoe uozo wake kabla ya adhuhuri. Kwangu usirudi."

Kivuva aliweka funguo juu ya kreti, kwa sababu mkono haukunyooshwa kuzipokea.

Afisa wa kazi alikuja Jumatatu. Wafanyakazi wawili walimwambia kwamba Mbuvi alikuwa amelewa, kwa kuwa walikuwa wameshamwahidi Kivuva. Syombua alimwambia alichokiona na alichokinyamazia, vyote viwili, na afisa akaandika. Sukari yote, hata iliyoonekana safi, ilizikwa kwenye shimo refu nje ya mji. Kusafisha stoo kulichukua siku tatu. Syombua aliifanya kazi hiyo mwenyewe, akiwa na glavu mpya, akikwangua ute kwa koleo la chuma na kuutia kwenye pipa lenye kifuniko, na mara mbili ilimbidi atoke nje kushika ukuta. Mapipa yalirudi kwenye chumba cha mawe baada ya sakafu kusuguliwa, lakini harufu ya ngozi haikutoka kabisa.

Mbuvi alilala hospitalini wiki saba. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki jeupe kama yai lililochemshwa. Syombua alimtembelea kila Jumapili baada ya ibada, na mara ya kwanza Mbuvi aligeuza uso ukutani.

"Ulikuwa unajua," alimwambia. "Kila siku ulikuwa unajua, na mimi hakuna mtu aliniambia."

Syombua alisema ni kweli. Aliendelea kwenda, akimpelekea uji na kukaa kando ya kitanda, na kufikia wiki ya nne Mbuvi alianza kumwuliza habari za kazini, ingawa hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe.

Alipotoka hospitalini, Mbuvi alipita kiwandani mara moja tu. Bi Mwanahamisi, eda ikiwa imekwisha, alimpa kazi ya lango, ya kukaa. Mbuvi alishukuru akakataa. Kaka yake alikuwa na shamba la bamia na nyanya karibu na mto huko Kibwezi, na angekwenda huko, mahali ambapo maji hayakosekani. Kabla ya kuondoka aliomba kuonyeshwa chumba cha mawe. Syombua, ambaye sasa ndiye alikuwa na funguo, alimfungulia. Mbuvi alisimama nje ya kizingiti, akageuza kichwa ili jicho zima lione vizuri: mapipa juu ya mbao, vifuniko, glavu kwenye misumari, na pipa la maji mlangoni. Alitia kidole kwenye maji yale, akakisugua na kidole gumba, kwa muda mrefu, kuona kama kinateleza.

Kisha akavaa kofia yake, akaenda kutafuta gari la Kibwezi. Chupa za Mwingi zilikuwa zimefika, kreti arobaini. Syombua akafunga chumba, akavaa aproni, akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga kuona kuna nini ndani.